Mgeni Aliyeondoka Bila Kuomba Njia

Tangu asubuhi Sheikha alijua kwamba siku hiyo ni kupata au kukosa. Mfini mmoja, Juhani, alikuwa anakuja nyumbani kwake Kibenga, ametumwa na kampuni ya cherehani ya kwao kutafuta wakala mmoja tu wa Bujumbura nzima. Akiukosa uwakala huo, utakwenda kwa Atumani wa Cibitoke, na duka aliloachiwa na marehemu baba yake pale Nyakabiga litabaki kuuza vifungo na nyuzi. Tena Atumani alishaanza kumsalimia kwa sauti ya huruma, jambo lililomuuma Sheikha kuliko matusi.

Basi akapika. Alipika pilau, akakaanga samaki, akakunja sambusa, akatoa na haluwa ambayo nyumbani kwake husubiri Idi.

Juhani akaja, mrefu, mwekundu, na Kiswahili chake cha chuoni Helsinki. Hata kiti hakijapata joto, akauliza, "Mama Sheikha, utaweza kuuza cherehani ngapi kwa mwaka?"

Sheikha akaona haya kwa niaba yake. Mtu mzima, anaingia na biashara mdomoni kabla ya kuulizia hata watoto.

"Iyo tutaongea," akamwambia. "Kwanza kula sambusa."

Mfini akala. Akauliza bei, akaletewa samaki. Akauliza bei tena, akaletewa haluwa. Hapo akafuta mdomo, akasimama. "Asante sana. Kwa heri," akasema, akatoka.

Sheikha akabaki na birika mkononi. Kwao mgeni haondoki hivihivi kama mwizi. Mgeni anaomba njia. Akiomba mara ya kwanza ananyimwa, maana kumruhusu haraka ni kumfukuza. Anakaa tena, anaomba tena, ndipo anapewa, na mwenyeji anamsindikiza. Na huko njiani, tumbo likiwa limeshiba na watu wanatazama mbele badala ya kutazamana, ndiko bei inakotajwa. Baba yake alifanya biashara hivyo maisha yake yote, na hakuna aliyesema ana wazimu.

Akavaa ndala, akamkimbilia.

Gari la Juhani lilikuwa limebaki kule kwenye lami, maana dereva wake Uthmani aliogopa mashimo ya mtaani. Nafasi ya kuongea ilikuwepo tele, ila Mfini alikuwa na miguu kama ngazi. Hatua yake moja, za Sheikha tatu. Kila alipotaka kutaja cherehani, pumzi ilitoka bila neno. Walipofika kwenye gari alikuwa anahema tu.

"Na wewe unakwenda mjini?" Juhani akauliza.

"Apana. Nilikusindikiza. Sasa narudi."

Mfini akashtuka. Mama wa watu ametembea mpaka huku bila shughuli yoyote, na jua linazama. Kwao huwezi kumwacha mwanamke arudi peke yake jioni baada ya kula pilau yake. Akamrudisha mpaka mlangoni, kwa hatua zilezile ndefu, Sheikha akihema nyuma yake.

Mlangoni Sheikha afanyeje? Mgeni aondoke bila kusindikizwa, jina la baba yake liende wapi? Akatoka naye tena. Candide, jirani aliyekuwa akichagua maharagwe kibarazani, akawapungia mkono. Walipopita wanarudi, akaacha maharagwe. Walipopita wanakwenda mara nyingine, alikuwa ameshamwita mumewe aje kuangalia.

Ndala moja ikakatika. Sheikha akachechemea nayo hadi kwenye lami, na hapo Uthmani, aliyeshiba kungoja na njaa ikimuuma, akashusha kioo.

"Mama Sheikha, we unamusindikiza bure. Huyu bwana ameniambia kesho asubui nimupeleke Cibitoke, kwa Atumani. Anasema umemukatalia."

Sheikha akasikia damu ikimpanda kichwani. Akamshika Mfini mkono wa shati.

"Simama apa. Mi nilikukatalia saa ngapi?"

Juhani akageuka mwekundu zaidi. "Nilikuuliza bei, ukanipa samaki. Nikauliza tena, ukanipa haluwa. Nikafikiri unakataa kwa upole. Kwetu mtu akikataa, tunamwacha apumzike."

"Kupumuzika? Mi ndala imekatika!" Sheikha akaivua, akamwonyesha. "Mutu mwenye simutaki, namupa haluwa ya Idi? Kwetu apa bei tunaiongeaka mu njia. Mu nyumba tunakulaka. Na we mu njia unakimbia. Nitaongea na mugongo yako?"

Mfini akaitazama ndala, akautazama mtaa, akahesabu moyoni safari zote zile. Akaanza kucheka, taratibu kwanza, kisha mpaka akaegemea gari. Sheikha hakucheka. Alitaja idadi ya cherehani, akataja bei, akakataa aliyotaja Juhani, akataja nyingine, na kabla taa za barabarani hazijawaka walikuwa wamepeana mikono. Uwakala ukawa wake. Alifikiria uso wa Atumani, ndipo naye akacheka.

Sasa alichotamani ni beseni la maji ya moto tu, atie miguu.

"Mama Sheikha," Juhani akasema, "nisikosee tena. Mgeni wa hapa akitaka kuondoka anasemaje?"

"Anaomba njia."

Mfini akasimama wima, akavua kofia. "Mama Sheikha, naomba njia."

Aliomba vizuri, kwa adabu zote, na kwa mara ya kwanza. Sheikha akaitazama miguu yake. Akamtazama Uthmani, aliyekuwa akisikiliza, na kule nyuma Candide na mumewe, waliokuwa wameshawafuata mpaka kwenye lami.

"Apana," akasema. "Pilau bado iko. Turudi."

Uthmani akazima taa za gari, akashuka, akawafuata.