Mkono Uliofungwa Kitambaa

Mashine mpya ya kukata vitambaa iliwekwa katikati ya karakana, na fomu zikagawiwa kabla hata takataka za maboksi hazijafagiliwa. Atakayesaini ataiendesha. Asiyesaini, mlango uko wazi. Mdogo wa Mkasi alikuwa ameshasaini, na ndiye angeanza kesho asubuhi.

Mkasi, aliyebandikwa jina hilo kutokana na miaka kumi na tisa ya kukata mashuka ya hospitali, alimwomba Mungu kimoyomoyo ampe ulimi usiotetemeka. Kisha akamwinulia mkono mtaalamu aliyekuja na mashine.

"Mtaalamu, na hii kitu ikikosea?"

"Ina jicho, mama. Ikiona mkono karibu na kisu, inasimama. Ajali ni moja kwa laki tano. Ngazi za nyumbani kwako ni hatari zaidi."

"Kwangu hakuna ngazi."

Watu wakaangua kicheko. Msimamizi akakunja uso.

"Dada, usinitie aibu," mdogo wake akanong'ona. "Wenzetu wamesoma."

Mkasi hakugeuka. "Hiyo laki tano mliihesabu kwa mikono ya nani?"

"Ya mafundi wetu."

"Mitupu?"

"Mitupu, ndiyo. Iwashe, ujaribu mwenyewe."

Kisu kikaanza kutembea. Mkasi akaweka kiganja kwenye ukingo wa meza. Taa ikawa nyekundu, kisu kikasimama tuli. Mtaalamu akatabasamu.

Ndipo Mkasi akachukua kipande cha shuka, akauzungushia mkono kama wafanyavyo wakataji wote, jasho lisitie doa kitambaa cheupe. Akaurudisha palepale.

Taa ilibaki ya kijani. Kisu kikaja upande wake, taratibu, bila wasiwasi wowote. Akautoa mkono.

"Tutaandika kwenye maelekezo kwamba mikono isifungwe," mtaalamu akasema.

"Na shuka likiwa na doa, bosi?"

"Linarudishwa," msimamizi akajibu kabla hajafikiri.

"Basi tutafunga. Kesho na keshokutwa." Akamgeukia mtaalamu. "Mashine yako umeisoma vizuri, baba. Sisi hukutuuliza."

"Usiposaini unakwenda nyumbani," msimamizi akafoka.

"Njoo unitoe."

Akaketi mezani pake, akaendelea na shuka aliloliacha.

Mdogo wake alivitazama vidole vyake mwenyewe kwa muda. Kisha akamwendea msimamizi.

"Naomba fomu yangu."

"Ya nini? Si umeshasaini?"

"Ndiyo maana naitaka."