Vipande Vinne vya Memori na Ufunguo wa Chumba cha Mbele

Jamani, kaa vizuri, maana hili nitakalokusimulia hutaliamini. Kompyuta mbili zenye memori mpya, zimetoka kwenye boksi juzi tu, ziliugua siku moja, chumba kimoja, ugonjwa mmoja. Na kila kilichopimwa ndani yake kilikuwa kizima! Kizima, kizima, kizima, halafu kompyuta inazimika mbele ya macho yako. Mimi ningehama mtaa.

Balaa hilo lilimkuta fundi mmoja wa kike anayeitwa Pini. Jina alipewa shuleni kwa sababu hakuna kitu alichoshindwa kukifungua kwa pini ya nywele. Pini alikuwa anafanyia kazi chini ya ngazi, kwenye duka la fotokopi la watu. Meza moja, kiti kimoja, na kila mtu akipanda ghorofani, mchanga wa viatu vyake unamwangukia Pini kichwani. Mteja akija na kompyuta, Pini anaifunika kwanza na mwili wake kama kuku na vifaranga, apite mpandaji, ndipo aifungue.

Sasa, mama yake Pini ana wadogo zake wawili, pacha. Kwa haki wote ni mama wadogo, lakini yule aliyetangulia kuzaliwa kwa dakika ishirini hajawahi kumruhusu mtu yeyote azisahau dakika hizo, kwa hiyo ukoo mzima unamwita Mama Mkubwa, na mwenzake Mama Mdogo. Ni wachoraji wa ramani za nyumba. Wanakaa chumba kimoja cha kazi, wamepeana migongo, kila mtu na kompyuta yake. Na mbele ya hicho chumba kuna chumba kingine kitupu, chenye mlango wa barabarani, dirisha kubwa, na dari isiyomwaga mchanga. Pini alikuwa anakiota hicho chumba mpaka mchana.

Jumatatu alienda kuwafungia memori mpya. Maboksi mawili, kila boksi vipande viwili, boksi moja kwa kila mama. Rangi moja, jina moja, na juu yake imeandikwa spidi: elfu tatu mia sita. Lile la Mama Mdogo lilikuwa limebonyea pembeni kidogo, njiani huko, lakini ndani salama. Pini alishayapima yote mawili mezani kwake, chini ya ngazi, kila boksi kwa saa nane, hakuna kosa hata moja. Akavipiga picha vipande vyote, maboksi yakiwa wazi, maana Pini hawezi kufungua hata pakiti ya betri bila kupiga picha. Akafunga, akaingia kwenye mipangilio ya ndani, akawasha ile spidi iliyoandikwa. Kompyuta zikaruka kama zimechomwa sindano.

Mama Mdogo akatoa ufunguo wa chumba cha mbele kwenye pochi, akautikisa.

"Unauona? Ijumaa saa nne asubuhi tunaonyesha kamati ya ujenzi filamu ya ile shule tuliyoichora. Kompyuta zikitufikisha Ijumaa bila vituko, huu ni wako. Lakini nakwambia mapema, mlango ule una jina letu juu. Sitaki mtu wa kubahatisha."

"Mama Mdogo, mimi na kubahatisha wapi na wapi?"

"Tutaona."

Jumanne asubuhi, simu. "Pini! Njoo. Skrini imekuwa bluu."

"Ya nani?"

"Zote!"

Pini alifika anahema. Filamu inaanza kutengenezwa, inafika katikati, watoto wa kuchora wanaingia darasani vizuri, halafu pwaa, skrini ya bluu, kila kitu kimekwama. Kompyuta ya Mama Mkubwa vilevile. Akashusha spidi mpaka ile ya chini kabisa, ambayo kompyuta inajichagulia yenyewe usipoigusa. Zikatulia tuli. Akarudisha elfu tatu mia sita. Pwaa.

"Basi ziache huko chini," alisema Mama Mkubwa, taratibu, bila kugeuka.

"Ziachwe wapi?" Mama Mdogo alisimama. "Mimi nimenunua elfu tatu mia sita. Wewe ukinunua unga kilo tano, ukapimiwa tatu, unasema ahsante? Pini, nataka spidi yangu."

Hapo ndipo Pini akaanza kuchanganyikiwa. Na kulikuwa na sheria ya chumba kile inayozidi kumfunga mikono: zinafunguliwa kwa zamu. Moja ifungwe kwanza, skrubu zote, ndiyo nyingine iguswe. Na hakuna pacha anayegusa kompyuta ya mwenzake, hata kuipangusa vumbi. Miaka mitatu nyuma Mama Mkubwa alimfutia mwenzake kazi ya mwezi mzima akiwa anamsaidia kupanga mafaili, na pacha hao walikaa miezi saba hawasemeshani, wanaandikiana karatasi. "Chai imeiva." Chumba kimoja! Migongo inagusana! Tangu hapo sheria ikawa sheria.

Basi Pini akafungua ya Mama Mdogo. Akatoa kipande kimoja, akapima kilichobaki peke yake kwa ile ile elfu tatu mia sita. Kizima. Akakitoa, akapima cha pili. Kizima. Akaviweka vyote viwili. Makosa mekundu yakamiminika kwenye skrini kama mchele wa gunia lililotoboka. Akafunga, akafungua ya Mama Mkubwa. Kile kizima, hiki kizima, vyote pamoja, wazimu.

"Kwa hiyo kimoja kimoja vinafanya kazi?" Mama Mdogo aliuliza.

"Ndiyo."

"Na viwili havifanyi?"

"Ndiyo."

"Hiyo ni memori au ni wake wenza?"

Pini hakucheka. Jumatano alibadilisha matundu ya kuchomekea. Akapangusa miguu ya dhahabu ya memori kwa kifutio. Akaweka feni pembeni akidhani ni joto. Akahamisha waya wa umeme mpaka jikoni. Akaweka toleo jipya la programu inayoongoza ubao mkuu wa kompyuta. Mama Mdogo naye hakukosa ushauri: labda ni harufu ya marashi ya dada yake, labda zimeogopa giza la kule ndani. Mama Mkubwa alikuwa anachonga penseli tu. Alichonga penseli moja mpaka ikabaki kama kidole gumba.

Alhamisi mchana Mama Mdogo alivaa viatu kwenda kuchapisha karatasi za kamati. Mlangoni akasema, "Kuna fundi mmoja karibu na stendi, nimeshampigia. Nikirudi hapa bado bluu, yeye ndiye atakayeingia, na mazungumzo ya chumba yameisha."

Pini akakaa sakafuni, memori mbili za Mama Mdogo kiganjani, simu mkono wa pili. Hakuwa anatafuta kitu, ni ule mkono tu uliozoea kutembeza picha. Akafika kwenye picha za Jumatatu. Boksi la Mama Mkubwa, vipande viwili, na kwenye karatasi ndogo nyuma namba zinaishia 41 na 42. Boksi lililobonyea, 87 na 88. Akatazama kiganjani.

88. Na 41.

Akatazama tena simu. Akatazama tena kiganja. Akavuta picha ikawa kubwa mpaka namba ikajaa kioo chote. Akasema kwa sauti, kama mwendawazimu, "Arobaini na moja, wewe umefikaje huku?"

Nyuma yake penseli ikavunjika.

"Ni mimi," alisema Mama Mkubwa.

"Wewe vipi?"

"Jumatatu ulipoondoka, mwenzangu akiwa jikoni. Nilitoa kimoja kwake nikaweka kwangu, kimoja changu nikampa yeye. Nilikuangalia unavyobana vile vishikio, si kazi ngumu."

"Lakini kwa nini, Mama Mkubwa?"

Yule mama akashusha macho. "Sisi tulikua hivyo. Bibi yako akinunua pakiti mbili za biskuti, anafungua zote, kila mtu anapewa nusu ya hii na nusu ya ile. Anasema kama moja ina mende, mtakula mende wote. Sasa boksi lake lilikuwa limebonyea. Nikaona likiwa bovu, atabaki na ubovu peke yake, na atasema mimi ndiye ninayependelewa siku zote. Nikagawa. Vimeandikwa sawa, vina rangi sawa! Nilijua vitakuwa na tofauti gani?"

Pini alitaka kucheka, akataka kulia. Tofauti ilikuwepo, ila haionekani kwa macho. Maboksi mawili hayo yalitengenezwa miezi tofauti, na chembe za ndani hazikuwa za aina moja. Kila jozi ilizoezwa kwenda mwendo wake pamoja. Polepole, mtu yeyote anaweza kutembea na mgeni. Wakikimbia mguu wa mmoja umefungwa na wa mwenzake, wataanguka, hata kama kila mmoja peke yake ana mbio.

Akavunja sheria ya chumba. Akafungua zote mbili kwa pamoja, 41 ikarudi kwa 42, 88 ikarudi kwa 87, akawasha elfu tatu mia sita. Hakuna jekundu hata moja. Filamu ikaanza, watoto wakaingia darasani, wakapita darasa, wakatokea uwanjani, wakafika mpaka kwenye bendera. Mwisho! Pini alipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Mama Mkubwa akamshika mkono. "Mwanangu. Usimwambie. Miezi saba mingine sitaiweza, na kesho tunasimama wote mbele ya kamati."

Kabla Pini hajajibu, viatu vya Mama Mdogo vilikuwa vinagonga kwenye korido. Akaingia, akaiona bendera inapepea kwenye skrini, akaangalia ile spidi, akatupa karatasi juu ya meza na kumkumbatia Pini mpaka miwani ikapinda. Akatoa ufunguo. Ukawa kwenye kiganja chake, hapo, unang'aa.

"Haya fundi, niambie. Lilikuwa nini?"

Pini akamwona Mama Mkubwa kwa pembe ya jicho. Ameshika kile kipande cha penseli kwa mikono miwili.

"Ni mimi," alisema Pini. "Jumatatu nilichanganya maboksi wakati wa kufunga."



"Siku tatu? Siku tatu tunahangaika, kosa ni lako mwenyewe?" Mama Mdogo aliufunga mkono. "Filamu imeisha, nakushukuru. Lakini nilikwambia, Pini. Nilikwambia sitaki mtu wa kubahatisha." Ufunguo ukarudi kwenye pochi, na zipu ikafungwa. Mama Mkubwa akageukia kompyuta yake.

Ijumaa kamati iliipenda ile shule. Pini alizisikia habari akiwa chini ya ngazi, mchanga kichwani, kompyuta ya mteja kifuani. Simu ikalia. Ujumbe wa Mama Mkubwa: "Ahsante mwanangu, umeniokoa. Nilivigusa mimi na lawama umebeba wewe, sitasahau. Sasa futa ile picha, na ujumbe huu pia."

Dakika hiyo hiyo ukaingia mwingine, wa Mama Mdogo: "Yule fundi wa stendi anakuja kesho kukiangalia chumba. Kama una neno la kujitetea, sema leo."

Pini anavyo vyote viwili mkononi, picha na ujumbe wa Mama Mkubwa. Kidole kimoja kinatosha kufuta. Kidole hicho hicho kinatosha kutuma.

Wewe msomaji, kidole kingekuwa chako, ungebonyeza wapi?