Nyekundu ya Mawese

Jumamosi ya kumaliza kilio, saa nne asubuhi, Papa Germain alifika Kalemie kutoka Kabimba na vumbi la simenti kwenye viatu, akafunga kitanda cha marehemu kaka yake juu ya pikipiki, na godoro juu ya kitanda. Redio na viti vilikuwa vimeshatangulia wiki iliyopita. Ilibaki albamu ya stempu ambayo marehemu Hippolyte, karani wa posta, aliikusanya kwa miaka thelathini.

Mjane, Mama Emerance, alikuwa anapika sombe, majani ya muhogo. Binti yake Evodie alitandika mkeka, kwa kuwa viti havikuwepo.

"Sisi hatuko wabaya," Papa Germain alisema, akiifungua albamu. "Tembre zenye rangi ya kawaida, mubakie nazo. Zenye rangi ya pekee, zile njo za ukoo."

Hapo ndipo penye kazi. Stempu mbili zaweza kufanana kama mapacha, kumbe moja ilichapwa siku wino ulipobadilika, na hiyo ndiyo inayotafutwa. Vitabu vya Kifaransa vilimchanganya Hippolyte, akaziita rangi kwa majina ya jikoni kwake. Stempu ikiitwa jina lake la kweli hutoa kitu chake. Ikikosewa hunyamaza.

Evodie alishika lenzi. "Kahawa," alisema, na stempu ya tembo ikadondosha punje tatu kwenye mkeka. Kahawa ni rangi ya kawaida, akaiweka upande wao. Stempu ya ziwa ilipoitwa ndagala, yaani dagaa, paka wawili wa jirani waliingia wakaketi. Rangi ya ndagala haimo katika kitabu chochote, kwa hiyo Papa Germain aliichukua, na paka wakahama nayo.

Ikabaki moja nyekundu, yenye picha ya chui. Hiyo ndiyo iliyofika na barua ya posa ambayo Hippolyte alimwandikia Emerance kutoka Manono. Baada ya harusi aliibandua kwa mvuke wa chai, akamwachia mkewe barua. Mama Emerance hakuwahi kumsamehe, na katika albamu nzima aliitaka hiyo tu.

Nyekundu ya matofali imejaa kila mahali. Nyekundu ya mawese ni adimu. Evodie alimtazama mama yake, mama akatazama chungu.

"Matofali," Evodie alisema.

Stempu ilinyamaza.

"Mbona haitoe kitu?"

"Papa mudogo, tofali inakawiaka."

Papa Germain alikuwa amewahi kujenga, akaona ni kweli. Alivuta sahani ya sombe aliyopakuliwa, akaonja.

"Mama Emerance, hii sombe inakosa mawese."

Mafuta mekundu yalianza kutiririka kutoka kwa chui mpaka kwenye suruali yake. Papa Germain alikinga sahani, akala akamaliza, akaifuta stempu na kuitia mfuko wa shati.

"Ukoo njo ukoo," alisema.

Roho ilimuuma sana Mama Emerance. Alitoka naye hadi kwenye pikipiki, akakaza kamba ya godoro, maana ilikuwa imelegea.

Siku hizi, kila Jumapili, Mama Emerance hupika sombe, huifungua barua ya Manono, hutazama pale palipobanduliwa na kusema, "Mawese." Kule Kabimba shati la Papa Germain hulowa kifuani katikati ya misa, na mkewe, aliyekwisha kuzoea, hulikamulia kwenye chupa. Huku Kalemie, sombe bado inakosa mawese.