Robo Saa ya Marehemu

Kwanza niiombe radhi pikipiki. Kisa hiki nimeshakisimulia kwa kinyozi, kwenye foleni ya benki na mara moja nikiwa nimelala kwenye kiti cha daktari wa meno, mdomo wazi, na kila mara nilisema chanzo cha balaa lote kilikuwa pikipiki mbovu. Nilikosea. Niliisingizia. Pikipiki ilikuwa nzima kuliko magoti yangu. Wenye hitilafu walikuwa binadamu, tena mmoja wao ni marehemu, na marehemu hasemwi vibaya, ndiyo maana nikaona ni heri nimseme asiye na mdomo.

Sasa niwaambie ilivyokuwa.

Marehemu aliacha mke, mshonaji mwenye cherehani mbili na maneno yanayokata kuliko mkasi wake. Akaacha na pikipiki, ile ya kizamani yenye kabureta, inayowashwa kwa kiki. Mdogo wake marehemu, msoma mita za maji, akaiomba. Mkubwa wake kazini alikuwa amempa mitaa ya mlimani, na alimwambia wazi kuwa asipopata chombo cha kumfikisha huko, atarudishwa stoo kuhesabu mabomba. Stoo haina dirisha. Alishakaa humo miaka miwili, akatoka rangi ya karatasi.

"Pikipiki chukua uitumie," shemeji yake alimwambia. "Kadi ya umiliki inabaki kabatini kwangu. Nikiona unaiweza, nakupa. Nikiona huiwezi, anachukua kaka yangu."

Kaka mtu alikuwa muuza chakula cha kuku, mtu wa tumbo na kicheko, na alikuwa ameshaanza kuizungukia ile pikipiki kama mtu anayepima kitanda cha mgonjwa ambaye bado hajafa.

Msoma mita hakuwa na wasiwasi. Utaratibu wa marehemu kaka yake aliujua kwa moyo. Kwa miaka kumi na minane, kila asubuhi, marehemu alisukuma pikipiki mpaka nyuma ya nyumba, akapandisha choki, kile kishikio cha kubana hewa ya injini, mpaka mwisho, akapiga kiki, na ikishaitika akaiacha ingurume hapo robo saa nzima huku moshi mweusi ukipanda mpaka kwenye paa. "Hii haikurupushwi!" alikuwa akipiga kelele kutoka ndani ya lile wingu. "Choki juu, robo saa! Msije huku, mtaharibu mapafu!" Ndani, mke alifunga madirisha. Hata mama mkwe, aliyekuwa haogopi mtu, hakuthubutu kukanyaga huko nyuma.

Basi mdogo mtu naye akafanya vivyo hivyo, tena kwa saa ya mkononi. Ana diploma, na mwenye diploma akishika utaratibu haachi. Choki juu, dakika kumi na tano, si kumi na nne. Na kila mara, kabla hajafika kona ya tatu, pikipiki ilikohoa, ikatetemeka, ikazima. Kwa wiki mbili alionekana akiisukuma kurudi, amelowa jasho, akipita mbele ya dirisha la mshonaji.

Siku ya tatu shemeji alisimamisha cherehani. Siku ya tano aliweka mkasi chini. Wiki ya pili ilipoisha alisema, "Mume wangu hakuwahi kusukuma pikipiki hii hata hatua kumi. Jumamosi asubuhi njoo hapa uani, uje na fundi ashuhudie. Utaiwasha, utaipasha moto, utakwenda mpaka kwenye tangi la maji na kurudi. Ikizima tu, kadi inakwenda kwa kaka yangu."

"Dada," muuza chakula cha kuku alidakia, "ungenipa leo tu, tukaokoa viatu vya huyu bwana."

Ijumaa msoma mita aliisukuma mpaka kwa fundi. Fundi huyo mtaa mzima ulimwita Sikio, kwa sababu hakuigusa injini kabla ya kuisikiliza kwanza, ameinama, macho amefumba. Safari hii hakusikiliza. Alifungua plagi, akaigeuza juani. Ilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria.

"Unaipasha moto kwa muda gani?"

"Robo saa. Choki juu."

Sikio alicheka mpaka akaketi juu ya tairi.

"Robo saa unapasha pikipiki au unachemsha maharage? Sikiliza. Choki inabana hewa, injini inakunywa mafuta mengi. Ikiwa baridi inataka hivyo, sawa, ipe. Lakini ikishaanza kupata joto, mlio unapanda wenyewe. Hapo unashusha choki nusu. Unavuta mafuta kidogo. Ikiitikia bila kukwama, unashusha yote, unaondoka taratibu. Dakika mbili, na asubuhi ya baridi kali labda tatu. Wewe unamshindilia uji mtoto aliyeshiba. Atautapika tu, na anautapikia kwenye plagi."

"Kaka alifanya robo saa miaka kumi na minane na haikumzimikia!"

Kicheko kikakatika. Sikio akachukua kitambaa akaanza kufuta mikono, kidole kimoja kimoja, hata visivyo na grisi.

"Kaka yako kila asubuhi alikuwa anasimama hapa kwangu, kabla ya kona ya tatu, namsafishia plagi. Kila asubuhi. Nilimuuliza, mzee, hii choki unaifanyia nini? Akaniapisha."

"Akakuapisha nini?"

"Ndugu yangu, kaka yako alikuwa anavuta sigara."

"Aliacha! Aliacha kabla ya harusi. Shemeji alimwambia achague, sigara au yeye."

"Ndiyo. Akachagua choki." Sikio alishusha sauti. "Mbili kila asubuhi, nyuma ya nyumba, ndani ya lile wingu. Nani atasikia harufu ya sigara kwenye moshi wa petroli? Pakiti aliiweka kwenye kiboksi cha spana, chini ya kiti."

Msoma mita alisimama pale kama mtu aliyesoma mita ikamsoma yeye. Hapana, hakukasirika. Alikumbuka jambo jingine. Msibani, shemeji alikuwa amezungukwa na watu na alisema neno moja tu la kumsifu mumewe, akalirudia mara tatu: "Kwa ajili yangu aliacha sigara." Hakusema alikuwa mpole, maana hakuwa. Hakusema alikuwa mchapakazi, maana watu wangecheka. Alisema hilo.

Ndiyo hali aliyokuwa nayo Jumamosi asubuhi. Akiipasha moto robo saa kama kaka, plagi itajaa masizi, pikipiki itazima kona ya tatu, na yeye atakwenda stoo. Akiipasha moto inavyotakiwa, dakika mbili, mwanamke anayepima watu mabega kwa jicho tu atauliza hesabu ya dakika zilizobaki.

Shemeji alikuwa ameketi kwenye ngazi, futi ya kupimia nguo shingoni, kadi mapajani, saa ya ukutani ameiegemeza pembeni. Madirisha alikuwa ameshayafunga. Kaka yake aliegemea ukuta na mfuko wa karanga. Sikio alisimama mbali kidogo, kama shahidi anayetamani kesi iahirishwe.

"Anza," shemeji alisema. "Choki juu, kama kaka yako."

Akapandisha choki. Hakugusa mafuta. Kiki moja, kimya. Ya pili ikaitika, nzito, na moshi wa kwanza ukatoka.

"Harufu yake hiyo," shemeji alisema polepole. "Mashati yake yote yalinuka hivyo hivyo."

Msoma mita aliinamisha kichwa karibu na injini, kama alivyomwona Sikio akifanya. Mlio ulikuwa chini, ukikwaruza. Halafu ukaanza kupanda. Kidole chake kilikuwa kwenye choki. Alifikiria stoo. Alifikiria na shemeji, na lile neno la msibani, na kidole kikabaki palepale. Mlio ukaanza kugongana, puu, puu, moshi ukawa mweusi.

"Inakabwa," Sikio alinong'ona, akitazama mawingu.

Kidole kikashuka. Nusu. Injini ikavuta pumzi. Akavuta mafuta kidogo. Ikaitikia bila kukwama. Akashusha choki yote. Moshi ukakatika, na pikipiki ikabaki inanguruma kwa utulivu, sauti moja, kama cherehani iliyotiwa mafuta.

Alipanda akaondoka. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alifika kwenye tangi, akageuza, akarudi akiwa anatabasamu bila kupenda. Alipoingia uani hakuzima injini. Aliogopa kimya.

"Bahati tu," muuza chakula cha kuku alisema, mdomo umejaa karanga.

Shemeji hakumtazama. Alikuwa anatazama saa.

"Umeipasha moto dakika mbili."

"Na kidogo, shemeji."

"Si robo saa."

"Siku hizi petroli imekuwa nzuri sana, shemeji."

"Petroli." Akamgeukia Sikio. "Fundi. Injini ni hiyo hiyo. Hiyo robo saa ilikuwa ya nini?"

"Mama, mimi hapa niko upande wa plagi tu."

"Hiyo plagi inasemaje?"

"Ni safi, mama. Niliisafisha jana."

Akamgeukia kaka yake. Na hapo ndipo msoma mita alipoona jambo ambalo hakulitegemea: yule bwana wa kicheko ameacha kutafuna. Karanga zimemkaa shavuni. Alikuwa akija pale asubuhi nyingi, miaka yote hiyo, na akija alipitia nyuma ya nyumba.

"Na wewe?" dada yake alimuuliza.

"Mimi... kuku wa watu wananisubiri, dada."

"Kuku watangoja."

Akasimama. Akashuka ngazi, kadi mkononi, akaenda mpaka katikati yao, akanusa hewa ya uani ambayo sasa haikuwa na moshi hata chembe. Uso wake haukuwa wa hasira. Ulikuwa uso wake wa kazini, anapoona mshono umepinda na anatafuta umeanzia wapi.

"Pikipiki umeiweza," alimwambia shemeji yake. "Kadi ni yako, mimi sirudi nyuma. Lakini nitaiachia nikishajua. Dakika mbili za injini. Zimebaki kumi na tatu, kila siku, miaka kumi na minane, nyuma ya nyumba yangu."

Akamnyooshea kadi. Msoma mita akaishika upande mmoja. Upande wa pili shemeji hakuuachia. Sikio aliinama kutafuta spana iliyokuwa mkononi mwake. Muuza chakula cha kuku alimeza karanga zote kwa mpigo. Pikipiki peke yake ndiyo iliyoendelea kusema, taratibu, bila kukohoa.

"Nawaombeni," shemeji alisema. "Niambieni alikuwa anafanya nini."