Tundu Ndani ya Pindo

Wifi yangu alikuwa anazifumua kofia zangu, hilo nilikuwa na hakika nalo. Nilichokuwa sijui ni kwa nini, na mimi mtu akininyima sababu, huitafuta mwenyewe mpaka niipate.

Tulikuwa tukifuma chumba kimoja, mimi na yeye, dada wa mume wangu. Tulifuma kofia za sufu za wafanyakazi wa ghala la barafu: nzito, mwili mzima una punje punje za kushikika, na chini zina pindo pana la kukunja juu ya masikio. Fundi mkuu nilikuwa mimi. Yeye nilimfundisha mwenyewe, tangu enzi anashika sindano utadhani anataka kumchoma mtu. Kila Ijumaa alizibeba kofia zote kwenda kwake, akakata nyuzi zinazoning'inia, akakunja mapindo, na Jumatatu akazirudisha.

Sasa, uzi uliofumuliwa hauna siri. Ukiufuma tena unabaki na vijipindapinda, na kidole kinaujua papo hapo. Jumatatu tatu mfululizo nilishika kofia nilizozifuma kwa uzi mpya kabisa, nikakuta vijipindapinda. Moyo ukaniambia hapa pana jambo.

Na jambo lenyewe sikulitafuta mbali. Msimamizi wa ghala alikuwa ametuambia kwamba sasa anataka fundi mmoja wa kushika kazi yote, na angekuja Jumatatu kumchagua. Basi! Mwenzangu anafumua zangu, anazifuma upya kwa mkono wake, halafu ajitwalie sifa na nafasi yangu. Hata taa nilimshuku. Chumba kilikuwa kinazidi kuwa giza, nikamwambia ametoa balbu nzuri akatuwekea ya bei chee. Akaapa hajaigusa. Nikaguna tu.

Nikamtegea. Ijumaa, kwenye kofia ya mwisho, mahali ambapo pindo likikunjwa hapaonekani, niliangusha kitanzi kimoja makusudi, nikaacha tundu la kupitisha ncha ya kidole. Mtu wa kukunja tu asingehangaika nalo. Nikamkabidhi huku nimemchekea hadi jino la mwisho.

Jumatatu asubuhi nililikunjua pindo lile mbele yake, nikapapasa mzunguko mzima. Tundu hakuna. Damu ikanichemka.

"Wifi, kaa chini."

"Kuna nini tena?"

"Kofia hii niliacha tundu humu ndani. Makusudi. Liko wapi?"

Alifungua mkoba wake, akaufunga, akaufungua tena.

"Usinikasirikie, wifi."

"Nimeshakasirika zamani. Sema!"

"Tundu lako lilikuwa lipi? Maana mimi nilikuta kumi na moja."

Nikafungua mdomo nimpe vidonge vyake, lakini alikuwa ameshatoa kofia nyingine mkobani. "Hii sijawahi kuigusa," akasema. "Muda haukutosha."

Niliisogeza dirishani. Nikaiona nzuri, punje zimejipanga. "Mbona haina kitu?"

"Ipapase."

Nikatia mkono ndani. Kidole kikatokea nje. Nikakisogeza kidogo, kikatokea tena. Miaka yote hiyo nilikuwa nafuma bila hata kuhesabu, kwa maringo, na macho yangu yalikuwa yananiambia kila kitu kiko sawa. Niliogopa. Sikuona aibu kwanza, niliogopa.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kuilaumu taa."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambiaje, na wewe ulivyo? Ungenirushia sindano."

Ningemrushia, kweli. Tena zote mbili.

Hodi ikapigwa. Msimamizi wa ghala aliingia akifuta viatu, akachukua kofia moja mezani, akaikunjua pindo, akaivuta huku na huku. Ilikuwa ile ya mtego.

"Kazi safi hii," akasema. "Nani kaifuma?"

Wifi yangu alishatazama chini. Nilimwona anavuta pumzi, na nilijua kabisa jina la nani linakuja. Alikuwa tayari kunifichia tena, wiki hii na zote zitakazofuata.

Nikamwahi.

"Kaifuma huyu," nikasema. "Fundi wako ndiye huyu. Mimi namkunjia mapindo."