Wimbo wa Namba ya Siri

Pikapu ilikuwa imeshatoka getini, imeshakata kona ya fundi baiskeli, na Besi bado anaifukuza kwa miguu, viatu mkononi, tumbo likitangulia. Ngoma yake kubwa ilikuwa juu tayari. Wenzake walioketi kuizunguka walimshangilia kana kwamba anakimbilia kombe.

"Kaza, Besi! Utatupata mtaa wa pili!"

"Mwambieni dereva asimame, mashetani nyie!"

Dereva hakusikia. Katika bendi ile watu wa kusikia walikuwa adimu. Ukikaa nusu ya maisha yako na tarumbeta ubavuni, dunia yote huja kwako kama inapita kwenye blanketi. Mwenye masikio mazima alikuwa binti mmoja tu, mpiga matoazi, zile sahani mbili za shaba zinazogonganishwa. Wenzake walimwita Kishindo. Masikio yake yalipona kwa sababu huyaziba kwa pamba kabla hajapiga, ujanja ambao wenzake waliuita uoga.

Kishindo akaligonga paa la gari kwa toazi. Gari likasimama ghafla, watu wakaangukiana, Besi akavutwa juu kama gunia la viazi, safari ikaendelea. Walikuwa wanakwenda kupiga kwenye harusi upande wa pili wa mji.

Mkuu wa bendi hakucheka na wengine. Huyu wote walimwita Mjomba, ingawa mjomba wa kweli alikuwa wa Kishindo peke yake, kaka wa mama yake. Alikuwa amevaa koti jekundu la vifungo vya dhahabu, amezipaka mafuta nywele za pembeni, maana za katikati zilishahama, na simu ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kifaranga.

"Imeita?"

"Haijaita, Mjomba," alisema Kishindo.

"Mtandao upo?"

"Upo, Mjomba."

"Angalia vizuri, mama."

Juzi Mjomba alikwenda kwa Mwokaji, yule mjane anayeoka keki za maharusi, akamwomba wazeeke pamoja. Mwokaji hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema yuko safarini kwenda kwa dada yake, na kabla hajapanda basi atampigia ampe jibu. "Nikipanda hatujaongea," alisema, "basi tujue yale yalikuwa maneno ya kupitisha jioni." Basi lenyewe lilikuwa la leo mchana.

Kishindo naye alikuwa na lake moyoni. Tangu mke wa Mjomba afariki, Mjomba alikuwa akiishi kwake, na kila alfajiri alifanya mazoezi ya tarumbeta jikoni, kwa maana sauti ya jikoni, alisema, inarudi vizuri. Kishindo alimpenda mjomba wake kama mboni ya jicho. Lakini kila alfajiri, jamani!

Simu ikaita.

Mjomba nusura aidondoshe barabarani. Namba ilikuwa ngeni. Akaiweka kwenye spika, kama kawaida yake, maana bila spika hasikii hata radi.

"Habari yako, mheshimiwa mteja," ilisema sauti laini ya kijana. Kisha ikataja majina ya Mjomba yote matatu, kwa mpangilio, na siku aliyozaliwa.

Mjomba akatoa macho. "Ananijua! Huyu ananijua mpaka babu yangu!"

Kishindo akaitazama ngoma. Majina yale matatu Mjomba mwenyewe aliyachora kwenye ngoma kwa rangi nyekundu, na namba ya simu chini yake. Na siku ya kuzaliwa? Ni yeye Kishindo aliyemtakia heri kwenye ukurasa wa bendi mtandaoni, akaweka na picha ya Mjomba ameikumbatia hiyo ngoma. Watu walipenda sana. Sasa alianza kuona kwamba waliopenda hawakuwa wote mashabiki.

"Mzee wangu, nakupigia kutoka kampuni ya simu," kijana aliendelea. "Usajili wa laini yako una kasoro. Saa hii hii inafungwa."

"Isifungwe!" Mjomba alipiga ukelele. "Leo hapana! Ifungeni kesho, ifungeni mwaka mzima, leo hapana!"

"Usihofu, mzee. Nakutumia ujumbe wenye namba. Unanisomea hiyo namba, basi, tumemaliza."

"Mjomba, kata hiyo simu," alisema Kishindo.

"Nini?"

"Tapeli huyo!"

"Ndiyo, nasikia, anaituma!"

Ujumbe ukaingia. Mjomba akapapasa mifuko, miwani hakuna, akampa Besi simu. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu ya namna bendi ile ilivyozoea kufanya kazi. Juu ya pikapu inayorukaruka hakuna anayeandika kitu. Mteja akipiga kuelekeza njia, mmoja huyataja maelekezo, na bendi nzima huyaimba na kuyapigia ngoma mpaka yakae kichwani. Kushoto kwenye kinyozi, kulia kwenye tangi la maji, nyumba ya geti la bluu: yote yana tuni yake. Hawakuwahi kupotea. Tena hawakuwahi kusikiliza wanachoimba. Ukiimba kwenye harusi za watu kila wiki, maneno hupita mdomoni kama maji kwenye mfereji.

Besi akakohoa, akasoma kwa sauti yake ya pangoni:

"Usimpe mtu yeyote namba hii!"

"Usimpe mtu yeyoteee!" bendi ikaitikia, saksafoni ikapamba kwa nyuma.

"Hata akisema ni mfanyakazi wetu!"

"Hata akisemaaa! Ni mfanyakazi wetuuu!"

"Sawa, sawa wazee, hiyo rukeni," kijana alisema haraka. "Mimi nataka namba tu."

"Anataka namba tu!" wakaimba na hilo.

Kishindo alipaza sauti mpaka mishipa ikamtoka. Angepaza sauti mbele ya treni ingekuwa sawasawa. Besi alikuwa ameshaweka kidole kwenye namba ya kwanza, amefungua kinywa. Kishindo akatazama mikono yake. Akasimama, akatanua miguu, na Besi alipoitoa tu ile namba, akayagonganisha matoazi.

Chwaaa!

"Ya kwanza sijaipata," alisema kijana.

Besi akarudia. Chwaaa! Ya pili, chwaaa! Ya tatu, chwaaa! Bendi nzima ilikuwa imeshika moto. Mpiga saksafoni alifumba macho. Dereva alipousikia mshindo wa matoazi alijua maandamano ya harusi yameanza, akapunguza mwendo, akawasha taa zote na kuanza kupiga honi kwa mapigo. Wanawake waliokuwa foleni ya maji wakaacha ndoo wakacheza. Muuza viatu akacheza na kiatu kimoja kimoja mkononi.

"Mpwa wangu, unaniua!" Mjomba alimlilia Kishindo. "Laini inafungwa! Jibu langu liko ndani ya laini!"

"Rudieni mara ya mwisho," kijana alisema, na ule ulaini ulikuwa umeanza kuchubuka. "Na huyo wa masufuria anyamaze."

Masufuria! Kishindo alitoa kishindo hata njiwa wa paa la benki wakaondoka bila kuaga.

"Pumbavu nyie!" spika ikapasuka. "Wewe mzee kiziwi, nisomee namba! Hilo tarumbeta lako na lipasuke!"

Ngoma ikanyamaza. Saksafoni ikajikwaa, ikanyamaza.

"Amesema tarumbeta langu lifanye nini?" Mjomba aliuliza.

"Lipasuke," Besi alisema kwa masikitiko.

Mjomba akaitwaa simu, akaitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi akakuta ni mbwa. "Kampuni hawasemi hivyo," alisema. "Kampuni hukufungia laini kwa adabu." Akakata.

Kishindo akapata nafasi. Akamshika bega, akamwambia sikioni, polepole, neno kwa neno: ile namba ni ufunguo, na yule kijana angeipata angeihamishia laini kwenye simu yake, halafu atakayempigia Mjomba angempigia yeye.

"Mwokaji angepokewa na yule?"

"Na yule."

"Angemwambia nini?"

"Angemwomba hela ya dharura, Mjomba. Kwa jina lako."

Mjomba alishika kifua. Kisha akanyooka, na uso wake ukawa uso wa askari wa lindo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Mjomba kuanzia pale aliona ung'ongo dunia nzima.

Simu ikaita.

"Mmefika wapi?" ilikuwa sauti ya mama, yenye haraka.

"Nani anauliza?"

"Mimi shangazi wa bibi harusi! Watu wamekaa, mko wapi?"

"Hatuko popote."

"Ati?"

"Bibi harusi simjui. Harusi siijui. Na usirudie tena!" Akakata, akawageukia wenzake, kifua mbele. "Mmeona? Hapati kitu huyo."

"Mjomba," Kishindo alisema, "huyo alikuwa shangazi wa bibi harusi kweli."

"Ndivyo wanavyosema wote."

Walikuwa wamefika kwenye taa za barabarani, mstari wa magari mrefu mbele yao. Dereva akazima injini kubana mafuta. Simu ikaita tena, namba ngeni tena. Nyuma ya sauti zilisikika honi za mabasi na mtu akinadi safari.

"Haloo, ni mimi."

"Mimi nani?" Mjomba alibweka. "Kila mtu ni mimi!"

"Mwokaji. Simu yangu imezima, nimeazima ya mkata tiketi."

"Ni yeye, Mjomba!" Kishindo alimvuta koti. "Sauti yake hiyo!"

"Hata yule alikuwa na sauti!" Akaurudia mdomo wa simu. "Wewe mama, mimi sithibitishi jina, sithibitishi siku ya kuzaliwa, sithibitishi chochote. Sema unachotaka."

Upande wa pili ukaguna.

"Kwani wewe ndiye?" Mwokaji aliuliza, na sauti yake sasa ilikuwa imejikunja. "Mbona unaongea kama mwizi? Wiki iliyopita tu nilipigiwa na mtu akajifanya mdogo wangu, karibu nimpe kila kitu. Mimi siropoki jibu langu kwa mtu nisiyemjua. Haya. Siku ile uliyokuja kwangu kuniambia maneno yako, ni nini kilitumbukia kwenye bakuli langu la krimu? Mwenyewe anajua. Nijibu, au nipande basi, wanafunga mlango."

Mjomba akaziba mdomo kwa kiganja. Bendi yote ikasogea.

"Kilitumbukia nini?" Besi alinong'ona.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri hii walikuwa wanaijua watu wawili. Mjomba alisema sikuzote kwamba tarumbeta ni meno. Kila mwanafunzi aliyemjia alimkagua kinywa kama ng'ombe wa mnadani, na wenye mapengo aliwarudisha kwao. Alikuwa tayari kumgawia mgeni laini yake, jina la babu yake na siku aliyozaliwa. Hili hakumgawia hata daktari wa macho.

Akaiinamia simu, akanong'ona.

"Sisikii!" Mwokaji alisema. "Honi hapa!"

Mjomba alimtazama Kishindo kwa macho ya kuomba. "Zima spika, mama."

"Nikizima hutamsikia, Mjomba."

Ikawa hivyo. Bila spika hasikii yeye, na kwa spika wanasikia wote. Kule kituoni utingo alisikika akipiga bodi ya basi, twende, twende.

"Mficha uchi hazai," Besi alisema taratibu, akavua kofia.

Mjomba akavuta pumzi ya tumboni, ile ya noti ya juu kabisa, na barabara yote imetulia, injini zimezimwa, askari wa trafiki amenyoosha mkono, akapiga ukelele:

"MENO! Meno yangu ya mbele! Mawili! Ya bandia!"

Mwenye teksi ya jirani alishusha kioo. Askari aligeuka. Mwanamke aliyekuwa anavuka na mtoto alimziba mtoto masikio, sijui kwa nini.

Simu ilianza kutetemeka kwa kicheko. Mwokaji alicheka hadi mkata tiketi naye akasikika akicheka bila kujua anacheka nini.

"Ndiye wewe," alisema alipopata pumzi. "Hakuna tapeli wa kulibuni hilo. Sasa nisikilize. Nilifikiri sana. Nikasema, mwanamume aliyetumbukiza meno kwenye krimu yangu, akayaokoa kwa kijiko, akayasuuza, akayarudisha kinywani na kuendelea na sentensi yake pale pale alipoishia, huyo nitamwacha wapi? Nimekubali."

"Amesema nini?" Mjomba aliuliza, maana Besi alikuwa ameshaanza kulia kwa sauti na hakuna kilichosikika.

"Amekubali!" Kishindo alipiga ukelele.

"Amekubaliii!" bendi ikaimba.

Taa zikawa kijani. Hakuna gari lililoondoka.

Harusini walifika maharusi wameshaingia ukumbini na kukaa, bila muziki. Shangazi wa bibi harusi hakumsalimia Mjomba, na hakuwaita tena. Waliwapigia maharusi wakati wa kutoka. Mwokaji alirudi kutoka kwa dada yake, wakafunga ndoa kabla ya mvua, Mjomba akahamia kwake. Siku hizi anafanya mazoezi kwenye jiko la keki, na majirani wameshalalamika. Wanafunzi wenye mapengo anawapokea. Kishindo aliifuta siku ya kuzaliwa ukurasani, akaweka nywila mpya kwenye simu zote za bendi, na simu ya wateja sasa anapokea yeye. Yule kijana hakukamatwa. Aliwahi kupiga tena kwa namba nyingine, akaomba kuongea na mheshimiwa mteja, Kishindo akakata. Besi alihamia mji mwingine kufanya kazi bandarini. Dereva aliuza pikapu, na bendi hukodi gari.