Mwenye Mtoto Asimame

"Mama Irene, huyu si yule aliyekutoa ndani hata arobaini ya mumeo haijafika?"

Mwamvita aliniuliza hivyo siku moja uani kwetu Mwembesongo, sauti ameishusha, anapepeta mchele kwenye ungo. Raphael alikuwa ndiyo kwanza ametoka. Alikuwa ameniachia mfuko wa sukari, na binti yangu Irene alimwachia viatu vya mazoezi.

"Ndiye," nikamwambia.

"Na chai umempa."

"Na maandazi."

"Wakristo nyie mna mambo." Akapuliza pumba. "Mimi ningempa maji ya kuoshea masufuria."

Nikaokota vikombe. Mwamvita ni jirani mwema, lakini mdomo wake hauna komeo, na jambo lenyewe lilikuwa bado bichi.

Raphael ni mpwa wa marehemu mume wangu, Leonard. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na kwa mila za zamani mwanamume akifa mali yake huwafuata wapwa zake, watoto wa dada yake. Mjini wengi wameshaziacha mila hizo. Raphael naye alikuwa ameziacha. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na wazee wakitaja mambo ya ukoo alikuwa anacheka. Lakini tulipomzika Leonard alizikumbuka zote kwa mkupuo. Akaita kikao kwenye uwanja wa nyumba yetu ya Mafiga, nyumba ambayo Leonard aliijenga mimi nikimchotea maji ya udongo, akasema mbele ya watu: nyumba ni ya wapwa, mama arudi kwao, na mtoto aende naye maana ni wa kwao. Irene alikuwa darasa la pili, nimempakata. Walioniambia niende mahakamani walikuwa wengi. Wa kunisindikiza hakuwepo hata mmoja. Nikafunga mzigo.

Padre aliniambia kisasi nimwachie Mungu. Nilimwachia. Kila tukisali rozari kwenye jumuiya nilikuwa namkumbusha, na sikuona dhambi kumsogezea Mungu kiti afanye kazi yake.

Mpira wa magongo sikuwa naujua. Irene aliuanza sekondari, wakamweka golini kwa sababu haogopi kugongwa. Kipa wa magongo huvaa mapedi mazito miguuni na kofia yenye vyuma usoni; ukimwona utadhani anakwenda kurina asali. Mpira wenyewe ni mdogo, mgumu kama jiwe la kusagia. Akaendelea hivyo hivyo, mpaka wakamwita timu ya taifa ya wanawake. Halafu redio zikatangaza kwamba mashindano ya kanda, ya wanaume na wanawake, nchi na nchi, yatachezwa hapa hapa Morogoro, upande wa Mazimbu. Picha ya Irene ikabandikwa mjini kote.

Hapo ndipo Raphael alipokijua chumba changu. Alikuwa anautaka udiwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Nimekuja kumwona mdogo wangu. Kipa wa taifa! Damu ya mjomba haipotei, mama."

"Haipotei," nikasema, nikamvutia kigoda.

Akawa hapitishi wiki bila kuja. Akawa anakwenda mazoezini, anamfunga Irene bandeji gotini, wanataniana kuhusu mabao aliyofungwa. Irene akiwa amekaa mlangoni akaniambia, "Mama, umemsikia? Anacheka kama baba." Nilikuwa nimemsikia. Nikatoka nje kuangalia chungu ambacho kilikuwa hakina kitu.

Siku alipokuja kulisema hilo jambo alivaa koti. "Mama, timu ikifanya vizuri nataka tumfanyie mtoto sherehe. Pale nyumbani Mafiga. Hema, muziki, wakubwa wote nawaalika. Na mimi nisimame kama mwenye mtoto. Unaonaje?"

Kwenye sherehe za kwetu, kabla chakula hakijafunuliwa, mshereheshaji huita mwenye mtoto asimame. Huyo ndiye humshika mtoto mkono na kuwaambia watu ni wa nani. Asiposimama mtu, hakuna anayekula.

"Simama, mwanangu," nikamwambia.

Alivyotoka tu nikampigia simu kaka yangu Thobias, kule Mgeta kwenye bustani zake za kabichi. "Kaka, Irene wakishinda uteremke na wazee. Kuna mtu ameokota mtoto wetu."

Thobias si mtu wa maneno. Akauliza, "Ni yule?"

"Ni yule."

"Nitavaa koti na mimi."

Timu ya wanaume ilitolewa mapema, wakabaki kuwapigia makofi dada zao. Wanawake walifika kucheza na Wakenya kugombea nafasi ya tatu. Nilikaa jukwaani na rozari yangu. Nilisali Irene ashinde, na nilisali kwa sababu mbili; Mungu anazijua zote. Wakatoka sare. Ikabidi wachezaji waje na mpira mmoja mmoja, mtu na kipa tu. Yule Mkenya wa mwisho alikuja mbio, akampeleka kulia, akarudi kushoto. Irene akajitupa chini mzima mzima, mpira ukampiga pedi ukatoka nje. Uwanja ukalipuka. Raphael alikuwa ameshavuka kamba, amevaa fulana yenye sura ya Irene na maandishi MTOTO WA FAMILIA YETU. Alikuwa amechapisha fulana hizo nyingi mno.

Jumamosi tukaenda Mafiga. Nilikuwa sijaingia uwanja ule tangu nifunge mzigo. Mlimau wangu ulikuwa umekatwa, wameweka sakafu ya vitofali. Wakubwa walikuwa meza ya mbele na maji yao ya chupa, masufuria ya pilau yamefunikwa kwa vitambaa. Irene alikaa katikati na medali yake ya shaba, anapendeza. Thobias na wazee watatu kutoka mlimani walikaa nyuma kabisa, karibu na spika. Hakuna aliyewauliza wao ni nani.

Mshereheshaji akasema, "Sasa mwenye mtoto asimame."

Raphael akasimama, akafunga kifungo cha koti. Akaanza kusogea kwa Irene, mkono ameunyoosha.

"Kijana, kaa chini."

Thobias alikuwa amesimama. Sauti yake ni ya mlimani, hupanda mwisho wa neno, na haikuhitaji spika.

Raphael akatabasamu. "Karibu sana, mzee. Ila tunayo ratiba—"

"Mimi ni mjomba wa mtoto huyu. Wewe ni nani wake?"

"Mimi... baba yake alikuwa mjomba wangu."

"Kwa hiyo wewe ni mpwa. Mpwa hurithi nyumba. Uliirithi, tumekaa ndani yake hapa, nzuri kweli, na sisi hatukugomba. Mtoto ulisema ni wa kwetu. Ulisema umesimama hapo hapo. Sasa leo umempata wapi?"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Mwingine akauliza kwa sauti, "Na hizi fulana tuvue?" Mzee wa ukoo wa Raphael mwenyewe, ambaye kwenye kile kikao alikaa kulia kwake, akaangalia fimbo yake akasema, "Mila ndivyo ilivyo. Hapo huna neno." Mkubwa mmoja wa meza ya mbele akamnong'oneza mwenzake, wakaanza kutafuta funguo za gari.

Raphael akanigeukia. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Mama, si tulikubaliana?"

"Nilikwambia usimame, mwanangu. Umesimama."

Thobias akamshika Irene mkono, akatangaza jina la ukoo wetu, akasema mtoto atapokelewa kwao. Tukatoka getini. Wengi walitufuata, na pilau ilibaki imefunikwa. Mwamvita alitembea nyuma yangu, fulana yake ameigeuza ndani nje.

Mwembesongo wazee wakakaa mkekani, nikawapa chai. Irene aliingia ndani, akakaa kitandani. Nikamfuata.

"Ulikuwa umepanga tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu alipoomba asimame."

"Akawa anakuja, anakunywa chai yako, ananifunga goti. Na wewe unamwangalia."

"Nilikuwa namwangalia."

"Alikuja mechi zote, mama. Hata zile za kirafiki, kwenye matope, ambazo wewe hukuja."

"Alikuwa anautaka udiwani."

"Najua. Unadhani mimi mtoto? Mimi kipa, naona mtu anakuja na nini kwenye gongo. Lakini alikuja."

"Alinifukuza kwenye nyumba ya baba yako."

"Alitufukuza. Nilikuwa pale." Macho yake yalikuwa makavu. "Ungeniambia, ningemwambia mwenyewe, usoni, sisi wawili tu. Ningemwambia na mengine ambayo wewe huyajui. Sasa umeniweka pale na medali yangu kama mbuzi wa tambiko."

"Haki yetu imesemwa mbele ya watu," nikamjibu. "Barabarani ataangalia chini kama nilivyoangalia mimi. Hicho nilikiomba kwa Mungu, na amenipa. Sitamwambia Mungu arudishe."

Nilidhani atalia, nikasogea nimshike kichwa. Akasimama, akachukua begi lake la mapedi, akalipachika begani. Pale nje Thobias alianza kunyanyuka ampe baraka za ukoo. Irene akapita pembeni ya mkeka, akawaamkia wazee kwa kichwa, akatoka, akashika barabara.